Dohani Inayovuta Pumzi: Jinsi Hewa ya Nje Inavyopoza Gesi za Moto za Meli

Ukiitazama kwa makini dohani ya baadhi ya manowari za kisasa, utaona kitu kinachofanana na kosa la fundi. Bomba halijaungwa kutoka chini hadi juu. Sehemu yake ya juu ni pete kadhaa za chuma, kila moja pana kidogo kuliko iliyo chini yake, na kati ya pete na pete kumeachwa mwanya. Mtu angetegemea moshi uvuje hapo. Lakini injini zikiwa kazini, ukisogeza utepe mwepesi karibu na mwanya, utepe unanyonywa kwenda ndani. Hewa ya baharini inaingia na gesi za moto hazitoki. Hakuna feni, hakuna mota, hakuna kitu chochote kinachozunguka.

Wahandisi hukiita kifaa cha namna hii ejekta. Kazi yake ni kushusha halijoto ya gesi za injini kabla hazijafika hewani, kwa kuzichanganya na hewa ya kawaida. Maelezo mengi juu yake husema mambo mawili: kwamba hewa “inaondoa” joto, na kwamba dohani “inavuta” hewa. Kwa mazungumzo ya kawaida maneno hayo hayana ubaya. Ila ukiyashika jinsi yalivyo, hutaelewa kwa nini kifaa hiki kina gharama, kwa nini kina umbo lile la pete, wala kwa nini meli nyingi za mizigo hazijisumbui kuwa nacho.

Joto limebaki, halijoto imeshuka

Tuanze na kiasi cha moto kinachozungumzwa. Turbini ya gesi ya LM2500, ambayo imefungwa katika manowari za nchi nyingi, hutoa nguvu ya takriban megawati 25. Ikiwa kwenye mzigo wake kamili, kila sekunde inatema kilo 70 hivi za gesi zenye nyuzi 566 za Selsiasi. Manowari za Marekani za aina ya Arleigh Burke zina turbini nne za aina hiyo. Injini za dizeli ni pole zaidi: zile za mwendo wa kati hutoa gesi za nyuzi 300 hadi 400, na zile kubwa za mipigo miwili zinazosukuma meli za makontena huwa na nyuzi 230 hadi 270 tu gesi zikishapita kwenye tabochaja, kifaa kinachotumia gesi hizo kusukuma hewa ndani ya injini. Kwa hiyo tatizo hili ni kubwa zaidi palipo na turbini.

Lugha yetu ya kila siku inatutegea mtego hapa, kwa sababu neno “joto” tunalitumia kwa vitu viwili. Kuna joto lenyewe, yaani nishati iliyomo ndani ya gesi, na kuna halijoto, yaani kipimo kinachosomwa kwenye kipimajoto. Ejekta haigusi la kwanza. Inachofanya ni kuligawa kwa wengi.

Chukua kilo 1 ya gesi yenye nyuzi 500, uichanganye na kilo 1 ya hewa yenye nyuzi 30. Utapata kilo 2 za mchanganyiko wenye nyuzi 275 hivi. (Wastani kamili ungekuwa 265, lakini gesi ya moto hubeba joto zaidi kidogo kwa kila nyuzi kuliko hewa ya kawaida.) Hakuna hata chembe ya nishati iliyopotea. Ongeza kilo ya pili ya hewa, utafika kama nyuzi 200. Ongeza ya tatu, utafika 155 au karibu na hapo. Angalia mwenendo huo: kilo ya kwanza ya hewa imeshusha nyuzi 225, ya pili 75, ya tatu 45. Faida inapungua haraka, na hiyo ndiyo sababu hakuna anayebuni ejekta ya kuvuta hewa mara kumi ya gesi. Angejenga kitu kikubwa kuliko dohani yenyewe kwa ajili ya nyuzi chache za mwisho.

Anayetaka kuliondoa joto lenyewe hutumia njia nyingine kabisa. Meli nyingi za biashara huweka boila ndogo kwenye njia ya moshi, ili maji yachukue joto hilo, yawe mvuke, na mvuke ukafanye kazi nyingine melini. Hapo joto kweli limetoka kwenye moshi.

Macho yanayoona kisichoonekana

Kama joto lote bado lipo, kwa nini basi mtu ahangaike kushusha halijoto? Jibu liko kwenye namna vitu vya moto vinavyotoa mionzi.

Mwaka 1879 Josef Stefan aligundua kwamba nishati inayomwagwa na kitu kwa njia ya mionzi hukua kwa halijoto kuzidishwa yenyewe mara nne, halijoto ikipimwa kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi kuongeza 273), na miaka mitano baadaye Ludwig Boltzmann akaonyesha kwa hoja za kinadharia kwa nini ni hivyo. Matokeo yake ni makali. Ukuta wa bomba wenye nyuzi 500 ni kelvini 773, na ubavu wa meli wenye nyuzi 30 ni kelvini 303. Halijoto ya kwanza ni mara mbili na nusu tu ya hiyo ya pili, lakini kila mita ya mraba ya bomba inamwaga mionzi mara 42 ya mita ya mraba ya ubavu.

Hata hivyo, hiyo bado ni picha ya upole. Mionzi hii ni ya infraredi, yaani isiyoonekana kwa macho ya binadamu, na angahewa haiipitishi yote. Mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi humeza sehemu kubwa na kuacha madirisha machache. Mawili ndiyo muhimu: moja la mawimbi ya urefu wa mikromita 3 hadi 5, jingine la 8 hadi 12. Kitu cha kelvini 303 hung'aa zaidi kwenye mikromita 9.6, ndani ya dirisha la pili. Kitu cha kelvini 773 hung'aa zaidi kwenye mikromita 3.7, katikati ya dirisha la kwanza. Ukipima kwenye dirisha hilo la kwanza peke yake, bomba la nyuzi 500 linaushinda ubavu wa meli kwa mara 1,000 hivi. Kwa jicho linaloona infraredi ya mikromita 3 hadi 5, meli nzima ni kivuli hafifu chenye taa moja kali juu yake.

Na macho ya namna hiyo yapo. Kombora la Penguin la Norwei, lililoingia kazini mapema katika miaka ya 1970, huitafuta meli kwa infraredi na si kwa rada. Halitoi mawimbi yoyote ya kuwashtua mabaharia, linatazama tu. Kwa nahodha, kupoza dohani ni kuizima taa ile.

Kuna tofauti ambayo maelezo mengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua umbo la kifaa. Chuma na gesi having'ai sawa. Chuma chenye masizi hutoa mionzi karibu kwenye urefu wote wa mawimbi. Gesi safi hutoa kwenye bendi chache tu, hasa ile ya kaboni dayoksaidi iliyo karibu na mikromita 4.3. Tena kaboni dayoksaidi ya angahewa iliyo katikati ya meli na kombora humeza mionzi ya bendi hiyohiyo, na kuacha hasa kingo zake, kwa kuwa gesi ikiwa moto bendi yake hupanuka kidogo kupita ile ya hewa baridi. Kwa hiyo mtu akiuliza “kipi kinaonekana zaidi, moshi au bomba?” jibu ni bomba, kwa mbali sana. Kupoza gesi bila kuficha chuma kilichopashwa nazo ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo.

Sababu nyingine hazina uhusiano na vita. Antena na vyombo vya rada vilivyo mlingotini haviwezi kuishi ndani ya moshi wa nyuzi 500. Manowari za Kanada za aina ya Iroquois, ambazo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, zilijengwa na mabomba mawili yaliyopanuliwa pembeni kama masikio ya sungura ili gesi zipite mbali na mlingoti. Zilipofanyiwa ukarabati mkubwa baadaye, masikio hayo yaliondolewa, ikawekwa dohani moja. Helikopta nazo zina shida yake. Hewa ya moto ni nyepesi, na rotari, yaani mapanga yanayozunguka juu ya helikopta, inayopita ghafla kwenye hewa nyepesi hupoteza uwezo wa kubeba. Mwongozo wa Uingereza kuhusu viwanja vya helikopta baharini huanza kujali pale halijoto inapopanda kwa nyuzi 2 tu juu ya ile ya mazingira.

Nani anavuta?

Sasa tuje kwenye ule utepe unaonyonywa. Maelezo yaliyoenea ni kwamba gesi inayokwenda kasi ina shinikizo dogo, kwa hiyo inavuta hewa ya pembeni. Nayaona maelezo hayo kuwa kikwazo kikubwa kuliko msaada. Mkondo wa gesi unaotoka mdomoni mwa bomba na kuingia kwenye hewa tulivu una shinikizo karibu sawa na la hewa inayouzunguka, hata ukienda kasi namna gani chini ya mwendo wa sauti. Kama shinikizo lingekuwa ndiyo chanzo, mkondo ulio wazi usingevuta chochote. Lakini unavuta, tena sana.

Kinachofanya kazi ni mchanganyiko. Mahali mkondo unapogusana na hewa iliyotulia, mpaka wao haukai sawa. Unajikunja, unazaa vimbunga vidogo vidogo, na kila kimbunga kinakumbatia kipande cha hewa na kukitupa ndani ya mkondo. Hewa iliyokumbatiwa inapewa mwendo. Gesi iliyotoa mwendo huo inapunguza wake. Pengo lililoachwa nyuma linajazwa na hewa nyingine, kwa sababu angahewa yote iliyo nje inasukuma. Hewa haivutwi; inasukumwa kuingia mahali ambapo hewa nyingine imekwisha kuchukuliwa. Mwaka 1961 watafiti Ricou na Spalding walipima kiasi hicho kwa ustadi mkubwa, na matokeo yao bado yanatumika: kama gesi na hewa zina uzani sawa kwa ujazo, mkondo wa duara ukifika umbali wa vipenyo 10 vya mdomo wake unakuwa umebeba mara 3.2 ya kile ulichoanza nacho. Gesi ya moto, ambayo ni nyepesi kuliko hewa inayoizunguka, hubeba zaidi ya hapo.

Sasa ufungie mkondo huo ndani ya bomba pana lililo wazi chini, na mambo yanabadilika kidogo. Kuta zinazuia hewa kuingia kutoka pembeni. Njia pekee ni mlango wa chini. Hapo ndipo shinikizo linapoingia kwenye hadithi, kama matokeo. Gesi na hewa zikichanganyika ndani ya bomba, mwendo unasawazika na shinikizo linapanda kuelekea juu. Lakini juu, mahali bomba linapofunguka hewani, shinikizo lazima liwe la angahewa. Kama linapanda likielekea la angahewa, basi chini lilikoanzia ni pungufu ya hapo. Upungufu huo ndio unaofanya mlango wa chini unyonye. Sehemu hii huitwa bomba la kuchanganyia. Ukiongeza juu yake bomba linalopanuka taratibu, yaani difyuza, mwendo unapungua zaidi, shinikizo linapanda zaidi, na chini pananyonya kwa nguvu zaidi.

Hili si jambo geni. Richard Trevithick, aliyeendesha garimoshi lake huko Wales mwaka 1804, alielekeza mvuke uliokwisha kutumika ndani ya dohani, akaona moto wa tanuri ukiwaka vizuri zaidi. Garimoshi la Rocket la mwaka 1829 lilitumia jambo hilohilo. Mvuke ulivuta moshi, moshi ukavuta hewa kupita kwenye makaa. Dohani ya manowari ni mjukuu wa dohani hiyo, tofauti ni kwamba sasa hewa inaletwa ili kupoza na wakati ule ililetwa ili kuchochea.

Hesabu ya mwendo ni fupi na inafaa kuijua, kwa sababu ndani yake kuna bei ya mchezo wote. Kinachohifadhiwa mkondo unapochanganyika na hewa ni momentamu, yaani uzito wa kitu kuzidisha mwendo wake. Tuseme kilo 1 ya gesi inatoka kila sekunde kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, ikabeba kilo 1 ya hewa iliyokuwa imetulia. Baada ya kuchanganyika una kilo 2 zinazokwenda mita 50 kwa sekunde. Momentamu ni 100 kabla na 100 baada. Lakini nishati ya mwendo haikuhifadhiwa. Mwanzo ilikuwa jouli 5,000, mwisho ni 2,500. Nusu nzima imeteketea ndani ya vile vimbunga vidogo na kugeuka joto dogo lisilo na faida. Hakuna ubunifu wa kulikwepa hilo. Kuchanganya chenye mwendo na kisicho na mwendo ndiko kunakoigharimu.

Bei inalipwa na injini

Mwendo ule wa mita 100 kwa sekunde haukuja bure. Gesi inayotoka turbini ililazimishwa kupita kwenye mdomo uliobanwa, na ili ipite huko kasi, lazima isukumwe kutoka nyuma. Anayesukuma ni injini. Gesi ya nyuzi 500 ina uzito wa gramu 457 tu kwa mita ya ujazo, chini ya nusu ya hewa ya kawaida. Kuifikisha mita 100 kwa sekunde kunahitaji shinikizo la ziada la kilopaskali 2.3 hivi, sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha milimita 230. Kwa mita 50 kwa sekunde bei ni robo yake, kilopaskali 0.57.

Namba hizo zinaweza kuonekana ndogo. Injini haizioni hivyo. Kwa injini nyingi kubwa za dizeli, jumla ya shinikizo la kurudi nyuma linaloruhusiwa kwenye njia yote ya moshi, pamoja na boila, kizuia sauti na mikunjo ya mabomba, ni karibu kilopaskali 3. Ejekta yenye mdomo wa mita 100 kwa sekunde ingekula sehemu kubwa ya bajeti hiyo peke yake. Turbini nayo ikisukumiwa shinikizo kutoka nyuma inapoteza nguvu na kula mafuta zaidi kwa kazi ileile, saa zote ambazo meli iko safarini, iwe kuna adui au hakuna.

Basi ubunifu wote wa miongo iliyopita umekuwa kutafuta namna ya kupata hewa nyingi kwa mwendo mdogo. Njia mojawapo ni kuongeza urefu wa mpaka kati ya gesi na hewa. Mdomo wa duara una mpaka mfupi kuliko umbo lingine lolote la eneo hilohilo, kwa hiyo kwa kuchanganya ndio mbaya kuliko yote. Ukiukunja ukingo wake uwe na mawimbi kama petali za ua, au ukiugawa mdomo mmoja kuwa midomo kadhaa midogo, mpaka unarefuka na gesi inachanganyika ndani ya umbali mfupi. Midomo ya mikunjo ilionekana pia nyuma ya injini za ndege za abiria za mwishoni mwa miaka ya 1950, huko ikitumika kupunguza kelele. Kwenye meli, urefu ni jambo la kufa na kupona, kwa kuwa bomba la kuchanganyia lenye mdomo wa kawaida huhitaji urefu wa vipenyo kadhaa, na dohani ndefu huiinua meli machoni mwa rada na kuipa uzito juu, mahali meli isipoutaka.

Nafasi nayo ni mzozo wa kila siku. Ili turbini moja yenye kilo 70 za gesi ipewe kiasi sawa cha hewa, lazima mita za ujazo 60 za hewa ziingie kila sekunde. Milango ya kuipitisha ni mikubwa, na lazima ifunguke kwenye ubavu wa dohani bila kuruhusu mawimbi kuingia. Wabunifu wa manowari za turbini hufaidi jambo moja hapa: turbini hukaa ndani ya kijumba chake kilichofunikwa, nacho kinahitaji kupitishiwa hewa ya kukipoza. Ejekta ikinyonya hewa kupitia kijumba hicho, kazi mbili zinafanywa kwa gharama moja.

Jambo moja katika hesabu hii hunifurahisha kila nikilirudia. Uwiano wa hewa kwa gesi hutegemea zaidi umbo la kifaa na tofauti ya uzani wa gesi na hewa. Hautegemei sana kiasi cha gesi. Injini ikipunguza kazi, gesi inapungua, na hewa inayoingia inapungua nayo kwa kipimo karibu kilekile. Hakuna valvu ya kurekebisha wala mtu wa kuangalia.

Pete na tufe

Ejekta imeshusha gesi kutoka nyuzi 500 hadi 275. Chuma cha difyuza kikiguswa na gesi hiyo moja kwa moja kitafika karibu na halijoto hiyo, na bado ni taa. Hapo ndipo zile pete zinapopata maana.

Ndani ya difyuza shinikizo liko chini kidogo ya lile la nje. Ukiikata difyuza kuwa pete zinazopishana, kila mwanya unakuwa mlango mdogo wa kunyonya. Hewa ya nyuzi 30 inaingia ikiwa imeambaa na ukuta wa pete inayofuata, ikaufunika kama utando, na gesi za moto zinapita juu ya utando huo bila kukigusa chuma. Utando unachakaa kadiri unavyopanda, kwa sababu unachanganyika na gesi. Kabla haujaisha, mwanya mwingine unaleta mpya. Gesi inayopita katikati inaweza kuwa na mamia ya nyuzi na pete ikabaki karibu na halijoto ya hewa. Kwa anayetazama kutoka pembeni, kama kombora linaloruka chini juu ya maji, kinachoonekana ni chuma kilichopoa.

Anayetazama kutoka juu ana bahati nzuri zaidi: anaona moja kwa moja ndani ya dohani hadi kwenye mdomo wa moto. Kwa ajili yake hubuniwa kizuizi cha kati, kwa mfano tufe la chuma lililoning'inizwa katikati ya bomba, nalo likifunikwa kwa utando wa hewa baridi. Gesi inapita pembeni mwake, na jicho linalotazama kutoka angani linakutana na tufe. Helikopta za kivita zimefuata wazo la jamaa hiyo: vifuniko vya ekzosi vya AH-64 Apache huchanganya gesi na hewa na kuzificha sehemu za moto zisionekane moja kwa moja.

Njia ya maji, na yanayofuata moshi ukipoa

Mtu atauliza kwa nini tusitumie maji, ilhali meli imezungukwa nayo. Kwa hesabu ya joto, maji yanashinda hewa kwa mbali sana. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke kunameza kilojouli 2,260 hivi, kwa hiyo kazi iliyofanywa na kilo nzima ya hewa katika mfano wetu ingefanywa na chini ya gramu 100 za maji. Manowari za Afrika Kusini za aina ya Valour, zikiwemo SAS Amatola na SAS Mendi, zimechukua njia hiyo: hazina dohani ya kawaida, bali gesi hupozwa kwa maji ya bahari na kutolewa chini, karibu na uso wa maji. Lakini maji ya bahari huacha chumvi kwenye chuma cha moto, yanahitaji pampu inayofanya kazi bila kukosa, na mvuke wake unaweza kuwa wingu jeupe linaloonekana kwa macho ya kawaida. Ejekta haina pampu ya kuharibika, na kwangu hilo lina uzito mkubwa kwenye chombo kinachokaa baharini kwa wiki nyingi.

Upozaji wenyewe huleta tatizo jipya. Moshi wa moto hupanda wenyewe kwa wepesi wake. Ukiupoza na kuupunguzia mwendo, unakosa vyote viwili vilivyokuwa vikiuinua. Kanuni ya wajenzi wa dohani ni kwamba moshi utoke kwa mwendo usiopungua mara 1.5 ya upepo unaovuma, la sivyo unanaswa kwenye kivuli cha upepo nyuma ya dohani na kushuka sitahani. Meli inayokwenda noti 30 inajitengenezea upepo wa mita 15 kwa sekunde hata hewa ikiwa imetulia, kwa hiyo inahitaji moshi wa mita 23 kwa sekunde. Upepo wa mbele wa mita 10 ukiongezeka, mahitaji yanafika 38. Difyuza inayopanua njia ili kunyonya vizuri inavutana moja kwa moja na hitaji hili, na huwa lazima mbunifu akubali kunyonya pungufu ili moshi upande.

Meli za mizigo zina sababu yake ya kutokimbilia upozaji. Gesi zake zimeshapungua moto, hakuna kombora linaloziwinda, na salfa iliyomo kwenye mafuta ina tabia mbaya: gesi ikishuka chini ya nyuzi 120 hadi 150, asidi ya salfuriki huanza kutona kwenye chuma na kukila. Tangu tarehe 1 Januari 2020 salfa katika mafuta ya meli duniani imewekewa ukomo wa asilimia 0.50, isipokuwa kwa meli zenye mitambo ya kuosha moshi, na hilo limepunguza tatizo bila kulimaliza. Kuta baridi zenye utando wa hewa zinafaa sana kwa mafuta safi ya turbini. Kwa mafuta mazito ni mwaliko wa kutu.

Ndiyo maana fundi anayeijua dohani ya namna hii haanzi na vipimo vya gesi anapoikagua. Anapanda na tochi, injini zikiwa zimepoa, na kutazama uso wa ndani wa kila pete. Utando ukifanya kazi yake, chuma cha pua kinabaki na rangi yake ya kijivu kutoka mwanya mmoja hadi mwingine. Mwanya ulioziba kwa masizi au chumvi, au pete iliyojipinda kidogo, huacha juu yake doa refu lenye umbo la ulimi, la manjano iliyokolea au la bluu, rangi ambayo chuma hujipa kikiguswa na moto. Doa hilo linaonyesha pale hasa ambapo hewa iliacha kuingia na gesi ikakigusa chuma.